Mapera, Mtindi na Mguu wa Mama

Mama alikuwa na kidonda kwenye mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, na daktari alituambia kwamba Pasaka ikipita kabla nyama mpya haijaanza kuota, mguu utakatwa. Alisema hivyo akiangalia dirishani, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuwaambia wengi maneno hayohayo. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha wagonjwa. Kandambili ya mguu mzima alikuwa ameivaa, ile nyingine ameishika mkononi. Hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeuliza nyama mpya inaotaje.

Daktari alikuwa ameshatoka. Aliyenijibu ni nesi anayesafisha vidonda, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. "Ale," alisema. "Sukari tunaishusha kwa dawa, lakini kidonda hakijengwi na dawa peke yake. Kinataka protini. Maziwa, mayai, karanga, maharage, samaki. Mwangalie mkono wake huo, umebaki ngozi na mfupa. Sukari hapana, asali hapana. Matunda kidogo, yale yasiyo matamu sana."

"Shida yenyewe ndiyo hiyo," nikasema. "Kula ndiko hataki."

"Basi mtafutie anachokitaka. Wewe si mwanae?"

Mimi ndiye mwanae wa pekee, na nilikuwa nimerudi Mpanda masika yaleyale, na begi lilelile nililoondoka nalo Songea. Nimeishi maisha ya kuhama. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda treni ya Kaliua, na tangu hapo nimekaa Kigoma, nimekaa Tunduma, nimeosha vyombo hotelini Iringa, nimepakia mahindi Songea. Kila mji nilioufikia niliupenda kwa sababu ya kitu fulani kilichonikumbusha nyumbani, labda harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, na kila mji niliuacha kwa sababu haukuwa nyumbani. Nikirudi Mpanda, nayo naikuta si ile niliyoiacha. Makanyagio yetu ilikuwa na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Siku hizi jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Miguu hii isiyotulia niliipata kwake. Mama alikuwa mtembeaji. Shamba letu lilikuwa Kakese, na alikwenda na kurudi kwa miguu, jembe begani. Kabla hajaolewa alikuwa akiongozana na kaka zake kwenye miombo ya upande wa Inyonga wakati wa kurina asali. Hata uzeeni, ukimwambia akae, alikaa kama mtu anayesubiri basi. Sasa mguu huo ulikuwa umefungwa bendeji na kulazwa juu ya mto, na kila nikiuangalia nilihisi kama wanataka kukata kitu changu.

Kitu nilichokikumbuka kuliko vyote nikiwa huko mbali kilikuwa sauti. Jioni, baada ya baba kunawa, baada ya wageni kunawa, baada yangu, mama alikuwa anaingia jikoni peke yake, na tunasikia kijiko kikikwangua sufuria. Krr, krr. Alikuwa anakula ukoko na kile kilichoshikana chini. Sikumbuki kumwona akikaa na sahani yake mwenyewe imejaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ilikuwa tu sauti ya siku kwisha, na katika nyumba za kulala wageni za Tunduma, malori yakinguruma nje, mara nyingi nililala nikiitafuta.

Sasa alikuwa hali. Nyama alisema inanuka chuma. Mayai alisema yananuka kuku, nikamwambia mama, yai litanuka nini kingine, akageukia ukutani. Maharage yanamjaza tumbo. Samaki wa Tanganyika niliyemkaangia vizuri alimsukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa sahani. "Na ni Kwaresima," alisema, kana kwamba hiyo ndiyo sababu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa vitu vitamu, chai ya sukari nyingi, asali kwenye kiazi, na walipomkatalia hivyo ni kama walimkatalia kinywa chote.

Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha, alisema bila kuniangalia: "Ningepata kitu cha baridi. Chenye tunda."

Maneno hayo nilikimbia nayo jikoni kama mtu aliyeokota moto.

Pale Iringa palikuwa na mpishi aliyewatengenezea wageni chakula cha kumalizia mlo. Alikuwa anachukua mtindi, anaufunga kwenye kitambaa safi, anauning'iniza juu ya beseni mpaka maji yote yachuruzike, ukabaki mzito kama siagi. Kisha anauchanganya na matunda. Wageni walikula kwa vijiko vidogo na kufumba macho. Mimi nilikuwa naosha hayo mabakuli, na nikiri kwamba mara nyingi nililamba kabla ya kuosha. Nikafikiri, mtindi ni maziwa, maziwa ni protini, tunda ni tunda. Nitaongeza karanga. Sitatia sukari hata chembe. Mama atakula, nyama itaota, Pasaka itafika na mguu utakuwepo.

Maziwa nilikuwa nanunua kwa baba mmoja wa Kisukuma anayekaa mtaa wa pili, ambaye ng'ombe wake wako Kakese. Alikuja na baiskeli asubuhi, madumu yakigongana nyuma. "Wangaluka," ananisalimia, nami nikamwitikia vilevile, salamu ambayo sikuwa nimeitamka tangu utoto. Nilimweleza shida yangu. Alinipimia, kisha akaongeza kidogo juu. "Maziwa haya yatamsimamisha," alisema. "Ila asinywe kwa huzuni."

Nilichemsha maziwa, nikayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nikatia kijiko cha mtindi wa jana, nikafunika sufuria kwa blanketi. Yakaganda vizuri. Nikayaning'iniza usiku kucha kwenye kipande cha kanga kilichochemshwa, kwenye msumari wa jikoni. Uani kulikuwa na mpapai alioupanda mama mwenyewe, nikachuma papai ambalo halijaiva sana, ili lisiwe tamu. Nikaliponda, nikalichanganya na ule mtindi, nikaweka bakuli kwenye beseni la maji ya baridi mpaka saa sita, maana friji hatuna.

Saa sita jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye tumepakana ukuta, alikuwa amekuja kumjulia mama hali. Nikaleta bakuli. Mama akalisogeza kwa mgeni. Jirani akachota kijiko, akakiweka mdomoni, akameza kwa shida.

"Baba," aliniambia taratibu, "umetia mwarobaini?"

Nikaonja. Ulikuwa mchungu mpaka kwenye masikio.

"Papai bichi hilo," alisema jirani. "Sisi ukiletewa nyama ya ng'ombe mzee unaipaka papai, unaiacha, inalainika yenyewe. Wewe umeliacha na maziwa tangu asubuhi. Ulidhani limelala?"

Mama alicheka. Alicheka kwa kukosa pumzi, ameshika ubavu, na mimi nikacheka naye, na kwa dakika moja nyumba ilikuwa ile ya zamani. Kisha akajilaza na kufumba macho, na nilipoangalia nikaona mfupa wa bega lake umesimama ndani ya gauni kama hanga ya nguo. Siku hiyo alikunywa chai kavu tu.

Nikahamia kwenye mapera. Ulikuwa msimu wake, yanaanguka njiani na watu wanayakanyaga. Nilitafuta yale ya ndani mekundu, magumu kidogo. Niliyachemsha kwa maji machache mpaka yakalegea, nikayapitisha kwenye chujio la chai kwa mgongo wa kijiko ili mbegu zibaki juu, kwa sababu mama ana meno machache na mbegu ya pera ikiingia kwenye pengo haitoki. Ni kazi ya kuumiza mkono. Karanga nilizikaanga kavu, nikapeta maganda, nikatwanga kwenye kinu mpaka zikaanza kutoa mafuta. Maziwa mengine niliyapasha, nikapigia mayai ndani, nikakoroga juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka yakawa mazito. Ule mtindi wa kuning'iniza ulikuwa mzito mno kwa mama, nikaulegeza kwa maziwa hayo ya mayai. Nikatia pera lililopoa, nikatia karanga. Rangi ikawa ya waridi hafifu.

Nilionja nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Ulikuwa na uchachu, halafu harufu ya pera, halafu karanga inakuja nyuma polepole. Haukuhitaji sukari. Nilikaa kwenye kigoda kidogo. Nilijua nimekipata.

Nikampelekea mama, kwenye bakuli lake la udongo lenye maua ya bluu. Alikuwa amelazwa mkekani barazani, mguu juu ya mto. Aliangalia bakuli, akanusa, na nikaona kitu machoni pake ambacho sikuwa nimekiona tangu nirudi. Alikitaka. Akashika kijiko.

"Hodi humu."

Walikuwa akina mama wa jumuiya ya kanisani, watatu, na kanga zao zimelowa matope pindoni.

"Wape wageni," mama alisema.

"Mama, hiki ni chako."

"Wape wageni."

"Nitawachemshia chai."

"Nimekuambia nini?"

Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu hawezi kuja kukuangalia katika ugonjwa wako akaondoka na mdomo mkavu, na chochote kizuri kilichopo ndani ndicho anachopewa. Mgeni atakataa mara moja, kwa adabu. Wale walikataa mara moja. Kisha wakapokea bakuli la mama, wakapeana kijiko kwa kijiko, na mama akiwaangalia kwa furaha ya kweli, mikono yake mitupu imelala juu ya mapaja.

"Nani amepika hiki?" mmoja aliuliza.

"Si huyu hapa," mama alisema.

"Huyu? Mwanaume anatwanga karanga?"

"Anatwanga. Anachuja na mapera."

"Kumbe mkwe tuliyemngojea miaka yote ni yeye mwenyewe," alisema yule mwingine, na wote wakacheka, na mimi nikatabasamu huku naangalia kijiko kikigusa chini ya bakuli.

Sifa zikaenea. Makanyagio habari ya chakula haihitaji redio. Wagonjwa wengine walikuwa wanapata wageni wa pole. Mama alipata wageni wa pole na mapera. Walikuja kina mama wa kwaya, alikuja mke wa fundi baiskeli, walikuja majirani zetu Waislamu baada ya swala ya alasiri na kuniletea mapera zaidi kwenye mfuko, kwa nia njema kabisa. Kila nilipoboresha kidogo, nikaongeza unga wa ubuyu, nikapunguza maji, chakula kikawa kizuri zaidi na kikaondoka haraka zaidi. Nilipima kikombe cha mama peke yake nikakificha nyuma ya ndoo. Aliniuliza mbele za watu: "Na kile ulichoweka nyuma ya ndoo?" Sijui alikionaje. Alikuwa amelala chali.

Niliwaambia wageni wenyewe, pembeni, kwamba chakula hiki ni dawa yake. Waliniitikia, wakasikitika, wakaapa. Mbele ya mama wakakataa mara moja, mama akanuna, wakala. Siwalaumu. Mgonjwa akikupa kitu kwa mkono wake ukamrudishia, unamwambia nini? Kwamba hana siku nyingi?

Hospitali tulikwenda kila wiki kwa bajaji. Nesi alifungua bendeji, na harufu ikatoka kabla ya kidonda chenyewe. Kingo zilikuwa za kijivu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Alimbana mama ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

"Anakula?"

"Napika kila siku," nikasema.

"Sijauliza kama unapika."

Njiani kurudi mama aliniambia nisimlaumu nesi, ana watoto wadogo. Mimi nilikuwa nawaza daktari anatumia msumeno wa namna gani.

Kesho yake nilifunga mlango. Asubuhi nilimhamishia mama ndani, nikashindilia komeo, nikafunga na dirisha la barazani, nikaweka bakuli mbele yake.

"Nani amefunga mlango?" aliuliza.

"Mimi. Ule kwanza, nitafungua."

"Nile mlango umefungwa."

"Ndiyo, mama."

"Mchana kweupe. Watu wakipita waseme nini? Humo ndani wanakula nyama ya nani?"

"Watasema umelala."

"Mimi nimeishi nyumba hii tangu hujazaliwa, na mlango huu haujawahi kufungwa wakati wa chakula. Wewe huko ulikokuwa mnakula hivyo?"

Nilipiga magoti. Nilimwambia watakukata mguu, mama, watakukata mguu na mimi nitasimama pale mlangoni nikisikia, kula vijiko vitatu tu, halafu nitawaita Makanyagio nzima. Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Inuka," alisema. "Utachafua suruali."

Hapo jirani akabisha hodi. Akabisha tena. Nilikuwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili, pumzi nimeibana kama mwizi, na mama, ambaye kwa siku nyingi alikuwa anaongea kwa kunong'ona, akaitikia kwa sauti ya mtu wa shamba: "Karibu, mlango unafunguliwa."

Nikaufungua. Jirani aliniangalia mimi, akaliangalia bakuli, akaona magoti yangu yenye vumbi. Siku hiyo hata yeye alikataa mara mbili, na mama akakasirika, na bakuli likaishia kwa watoto wa nyumba ya tatu. Mama hakula chochote mpaka kesho yake. Hata uji aliuacha ukaota ngozi. Nilielewa kwamba nimemkosesha kitu kikubwa kuliko chakula, na kwamba nimekosa njia.

Ijumaa akina mama wa jumuiya walikuwa wanatoka kwenye Njia ya Msalaba moja kwa moja na kuja kwetu. Nilikuwa nimechoka. Sikupika kwa matumaini tena, nilipika kwa hasira. Nilitoa sufuria kubwa ile ya sikukuu, nikachemsha maziwa yote ya yule baba wa Kisukuma, mayai yote, mapera yote, karanga kinu kizima. Kuleni, kuleni, nilikuwa najisemea, kuleni mmalize. Nikawagawia kwa vikombe, kwa vibakuli, kwa vifuniko vya chupa za chai. Sikukoroga. Nilichota juu tu, haraka, nikajaza na bakuli la mama la maua ya bluu, nikampa mgeni mwenyewe kabla mama hajaniamuru. Mama alinitazama. Nadhani alipenda.

Wakaimba wimbo mmoja, wakaomba, wakaondoka. Nilibeba sufuria kwenda kuiosha uani, nikampita mkekani.

"Wamekula wote?" aliuliza.

"Wote."

"Aliyechelewa, yule mwenye mtoto mgongoni?"

"Kala na mtoto kala."

"Na wewe?"

"Nimekula," nikasema, ingawa nilikuwa nimelamba mwiko tu.

"Sasa hiyo unaipeleka wapi?"

"Kuosha, mama. Imebaki kidogo chini, makombo tu."

"Lete."

"Mama, ni makombo."

"Nimekufundisha lini kumwaga chakula? Lete na kijiko."

Niliweka sufuria mapajani mwake. Nikaangalia ndani. Kwa kuwa sikukoroga, karanga zote zilikuwa zimezama. Mayai yaliyoganda kidogo yalikuwa yamezama. Juu niliwagawia watu maziwa yenye harufu ya pera. Chini kilikuwa kimebaki kitu kizito, cha kahawia na waridi, unene wa vidole viwili, sufuria nzima ya sikukuu.

Nilizunguka nyumba nikasimama nyuma, kwenye mpapai, mgongo ukutani. Kwa muda hapakuwa na sauti yoyote, nikafikiri amelala. Kisha nikasikia. Krr. Kimya. Krr, krr.

Nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, na sauti hiyo nilikuwa nimeitafuta Kigoma na Tunduma na Songea, nikidhani ni ya utoto na imekwisha nao. Kumbe ilikuwa inangoja watu washibe tu. Nilijaribu kulia bila kusikika. Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba akijua namsikiliza, ataacha.

Kuanzia hapo nilipika kwa sufuria kubwa kila siku. Niliwaomba wageni waje, nikapita hata kwa watu ambao hawakuwa na habari na mguu wa mama. Jirani alinielewa bila kuelezwa. Alikuwa anakuja na wifi zake, wanakula, anauliza kwa sauti kubwa mlangoni kama kuna yeyote hajala, wanaondoka. Nilichota juu. Kisha napita mkekani na sufuria, polepole, kama mtu anayeenda bombani, na kila siku nilikuwa na hofu kwamba leo hataniita. Siku mbili hakuniita. Siku moja watu hawakuja kwa sababu ya mvua, chakula kikabaki kizima, na hakugusa, akasema tuwasubiri. Tuliwasubiri mpaka kikachacha.

Wakati mwingine alikwangua kidogo akaacha. Wakati mwingine alilala na kijiko mkononi. Sikuwa na hakika kwamba nyama inaota. Nilihesabu Jumapili za Kwaresima kama mtu anayesikia lori linakuja na hawezi kutoka barabarani.

Siku moja ya wiki ya Matawi, akikwangua, aliniita kabla sijafika kwenye mpapai.

"Siku hizi unaacha kingi chini," alisema.

Nikajua amegundua, na kwamba sasa yamekwisha. "Huwa nasahau kukoroga," nikasema.

Alilamba kijiko, nyuma na mbele. Aliangalia barabara, ambako mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa.

"Usikoroge basi," alisema.

Hatukulizungumza tena.

Pasaka ilipita. Siku ya Jumanne tulipanda bajaji. Nesi alifungua bendeji safu kwa safu, daktari akavaa glavu, akainama. Alibonyeza hapa na pale. Mama alikuwa anaangalia dari, mimi nilikuwa naangalia mdomo wa daktari. Kwenye ukingo wa kidonda, upande wa ndani, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, wa rangi ileile ya pera lililochujwa. Sikuthubutu kuuonyesha kwa kidole.

"Kidole hiki cha mwisho hakitarudi," daktari alisema. "Tutakitoa kesho. Mguu tuuache kwanza. Tuuangalie."

"Kwanza," nilirudia.

"Sikuahidi kitu, ndugu. Nasema tuuangalie."

Nesi alikuwa anatupa bendeji chafu kwenye ndoo. Alimbana mama ngozi ya mkono, akaiachia. Safari hii hakuniuliza kama anakula.

"Kidole chenyewe kidogo," mama alisema tulipokuwa tunatoka, amenishika shingoni. "Nilikuwa sikitumii."

Kwenye bajaji aliangalia barabara mpaka tulipokaribia Makanyagio. Mimi nilikuwa nafikiria kesho, kisu, sukari yake, ule mguu wa kulia ambao nao umeanza kufa ganzi vidoleni, na msimu wa mapera ambao unakwisha. Nilikuwa nafikiria nitapika nini yakiisha. Matope yalikuwa yameanza kukauka barabarani, na hali ya hewa kama ile ndiyo ambayo miaka yote ilinifanya nifungashe begi.

"Wakisikia habari ya kidole," mama alisema, "watakuja wengi leo."

"Watakuja."

"Wale wa Kakese pia, akina mama yako mdogo. Sufuria ile haitatosha."

"Nitaazima ya kwaya."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamgusa dereva begani na kumwomba asimame kwa yule baba wa Kisukuma, tuone kama bado ana maziwa.